Mbegu Haiamki Mara Mbili

Baba mdogo alipoiba mbegu za mama hakuvunja kitu. Mlango wetu ulikuwa ubao wa kusukuma tu, wa kuzuia mbuzi, na yeye alikuwa mtu wa nyumbani, mdogo wake baba wa tumbo moja. Aliingia mchana mweupe, mama akiwa mtoni, nami niko shule ya misheni. Alipanda juu ya kigoda, akaondoa vibuyu vya ulezi vilivyokuwa kwenye kichanja juu ya meko, akavitia katika gunia. Njiani akamsalimu jirani yetu na kumuuliza hali ya ng'ombe wake. Jirani ndiye aliyetuambia. Alidhani tumempa kwa hiari.

Mama aliporudi, nami nimeshatoka shule, alitazama juu. Pale vibuyu vilipokuwa vimekaa palibaki miviringo misafi katikati ya masizi. Akaketi. Hakulia, aliniambia nichochee moto. Mimi ndiye niliyeanza kuchukia siku hiyo, na sitaandika uongo hapa: sijaacha. Katika darasa la kipaimara tunafundishwa kusamehe. Wakati wa kukariri midomo yangu inakwenda pamoja na ya wenzangu, lakini likifika neno lile ninalivuka kama mtu anayeruka dimbwi asilowe.

Mtu wa mbali anaweza kushangaa, vibuyu vya ulezi ni nini hata binti achukie hivyo. Basi nieleze.

Kwetu Meru kila kitu cha kupanda kina tabia yake, kama watu. Mgomba hauna mbegu. Ukikata ndizi unaona vidoti vyeusi katikati, lakini hivyo ni kama kovu la mbegu iliyokuwako zamani; ukitaka mgomba unaomba chipukizi. Juu msituni ipo migomba mwitu yenye mbegu ngumu kama kokoto, tulikuwa tukizichezea bao, na tunda lake halina la kula. Kishonanguo hakingoji kupandwa. Kinashika nguo yako na kusafiri bure mpaka shamba la mtu mwingine. Mringaringa unamlisha hondohondo matunda, naye anaubebea watoto hadi ng'ambo ya korongo. Buni ya kahawa, ambayo Wadachi na Makaburu wameileta mashambani mwao, haina subira hata kidogo. Ikikauka sana inakufa, lazima irudishwe ardhini ingali mbichi. Mahindi yanangoja msimu mmoja au miwili, fukusi akikubali. Maharage yanangoja kwenye majivu.

Ulezi ndio mdogo kuliko wote na ndio wenye subira kuliko wote. Fukusi hapati pa kuingia, maana punje ni ndogo kuliko yeye. Ukiutia kwenye kibuyu kikavu, ukaziba mdomo kwa samadi ya ng'ombe na majivu, ukauweka juu ya moshi, unaweza kukaa hata mtoto aliyezaliwa mwaka ule akaanza kuchunga, na bado ukimwaga ardhini unaamka. Wazee wanasema miaka ile ng'ombe walipokufa na mvua ikakatika, waliookoka ni wale waliokuwa na vibuyu juu ya meko.

Na ulezi wa mama haukuwa ulezi wowote. Alipewa na mama yake alipoolewa. Masuke yake yamekunjika kama ngumi ya mtoto, na unakomaa mapema, kabla ukungu wa baridi haujashuka kutoka mlimani. Kila mwaka kabla ya mavuno mama alipita shambani peke yake akichagua. Suke alilolipenda alilifunga uzi wa gome la mgomba, na suke lenye uzi halikatwi na mtu mwingine. Nilipokuwa mdogo nilidhani anayavisha shanga.

Mbegu kwetu hainyimwi. Akija mtu kuomba, hata kama mmegombana, hata kama jana alikutukana njiani, unampa. Yeye anakinga viganja viwili, wewe unamimina kwa mkono wako. Hasemi asante. Ukisema asante umeshailipa, na mbegu iliyolipwa, wanasema, hulala usingizi ardhini. Atakachofanya ni kuleta kibaba cha kwanza cha mavuno yake mlangoni pa aliyempa, mchana, watu wakiona.

Kwa hiyo baba mdogo angeweza kuomba. Angepewa siku hiyo hiyo. Lakini aliyekinga viganja kwa mtu amekiri kwamba mtu huyo ana shamba lake, na hilo ndilo hakutaka kukiri.

Shamba lenyewe liko chini ya kihamba chetu cha migomba, upande wa kuelekea mto wa Maji ya Chai. Baba alilifungua mwenyewe kwa jembe la mti, kabla hajachukuliwa kubeba mizigo ya Wadachi kwenda pwani. Hakurudi. Tuliambiwa alikufa kwa homa njiani, na mtu aliyeleta habari alituletea mkanda wake. Wakati huo chini yetu Makaburu walikuwa wamekwisha kuweka alama za mashamba yao, na juu yetu msitu umekuwa wa serikali, huruhusiwi hata kukata fito. Watu walikuwa wamebanwa katikati kama nyama katikati ya meno. Shamba la mjane asiye na mtoto wa kiume lilianza kuonekana kubwa kuliko lilivyokuwa.

Desturi inasema shamba lisilotoa mavuno misimu miwili linarudi kwa ukoo. Na mwanaume wa ukoo aliyekuwa karibu ni baba mdogo.

Mwaka ule mama alikwenda hadi Oldonyo Sambu, upande wa pili wa mlima, kuomba ulezi kwa watu waliomjua baba. Walimpa vizuri. Lakini ulikuwa ulezi mrefu, wa kuchelewa, uliozoea jua la kule. Ukungu uliushika ungali na maziwa, masuke yakawa meusi, tukavuna majani ya kulishia mbuzi. Kando yetu, mpaka ukiwa safu ya mimea ya masale tu, shamba la baba mdogo lilikuwa limejaa ngumi za watoto.

Nilizijua. Mtu anajua ndugu zake hata wakikaa kwa watu.

Halafu nikaitwa kwenda kuwinga ndege kwenye shamba hilo. Kuwinga ni kazi ya watoto wa ukoo wote, na mimi ni mtoto wa ukoo, kwa hiyo alituma mwanawe kuniita kama ilivyo haki yake. Nilikwenda. Mimi huwa sikatai, sina ulimi. Shuleni hata nikijua jibu nasubiri mwingine aseme. Nilisimama juu ya kile kijukwaa cha miti, nikapiga makelele na kurusha mawe kwa kombeo, na kila jioni kabla ya kushuka nilipita kuokota masuke ambayo ndege wameyaangusha. Niliyafunga kiunoni ndani ya nguo. Kama kuna mtu atakayesema niliiba, na aseme. Mama alipoyaona aliyanusa, akayasugua kwa kiganja, akapuliza makapi. Alisema neno moja, kwamba zimerudi. Tulipata kibuyu kimoja kidogo. Kinatosha, ulezi haupandwi kwa wingi.

Baada ya mavuno baba mdogo alifanya karamu ya mbege ambayo watu waliisema hadi Tengeru. Mbege ni ndizi zilizopikwa na kimea cha ulezi, na yeye alitia ulezi wake karibu wote. Uliobaki alikuwa ameuza kwa wale wanaolisha wapagazi. Nilikuwapo siku mama mdogo, mkewe, alipomwambia abakize angalau kibuyu cha mbegu. Alimjibu mbele za watu kwamba yeye haombwi shauri na mtu anayekoroga pombe.

"Mbegu zipo kwa shemeji," akasema. Watu wakacheka, wakidhani anasifu.

Kwenye karamu hiyo ndipo aliposema mbele ya wazee kwamba kaka yake amekufa, na shamba la kaka yake linakufa pia, na yeye anaona uchungu. Alisema hivyo akifuta povu la mbege mdomoni. Wazee wakasema haya, msimu ujao wataangalia. Shemeji yako asipovuna tena, shamba litarudi kwa ukoo. Mama aliambiwa kesho yake na jirani, yule yule wa gunia, ambaye tangu aone kilichotokea hakuweza kututazama vizuri.

Sasa nifike kwenye jambo langu.

Katika darasa la juu mwalimu wetu Mdachi alikuwa akitufundisha mimea. Aliweka maharage kwenye chupa ya kioo, akayabana kwa kitambaa chenye maji ili tuone mzizi unavyotoka. Alisema ndani ya kila mbegu amelala mtoto pamoja na chakula chake cha safari. Maji yakimfikia, anaamka na kuanza kula. Kisha akauliza: mbegu ikiisha kuamka, tukaikausha, tukaitunza, je, tukiipanda tena itaota? Wavulana wakanyoosha mikono, wakasema itaota, maana bado ni mbegu. Mwalimu akanitazama mimi, nikainamisha macho kwenye kibao changu.

Nilikuwa najua. Msichana yeyote wa kwetu aliyewahi kusaidia mbege anajua, ila hajaulizwa hivyo. Kimea tunakifanyaje? Tunaloweka ulezi, tunaufunika kwa majani ya mgomba mpaka utoe vijizizi vyeupe kama ndevu za panya, halafu tunauanika juani ukauke kabisa. Ulezi huo umekwisha kuamka, umekwisha kuanza kula chakula chake cha safari, ndiyo maana ukiutafuna ni mtamu. Ukiusugua na kuupepeta, zile ndevu zinaondoka. Unabaki punje nyekundu zinazofanana na mbegu kama mapacha. Lakini umwage ardhini, uuombee, uuchinjie mbuzi, hauinuki tena. Mtoto wake amekufa.

Wanaume wetu wanakunywa kimea tangu wakiwa wadogo. Hakuna hata mmoja anayekishika. Kuloweka, kuanika, kusugua, yote ni ya wanawake, na mwanaume akikaribia pale tunapoanika anafukuzwa, mbege itachacha. Ila kumwaga mbegu shambani, hiyo ni kazi ya mwenye nyumba, na anaifanya peke yake kwa fahari.

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikikimbia, mimi ninayetembea siku zote kama mtu aliyebeba mayai. Nilimweleza mama. Alikuwa akimenya ndizi na hakuacha. Nilidhani hakunisikia.

"Hatutampa," alisema mwishowe. "Sikiliza vizuri. Mbegu mbovu hapewi mtu, ni laana. Sisi tutaweka kimea chetu juu ya kichanja chetu, nyumbani kwetu. Atakayekiondoa hatukumwita."

"Ndiyo, mama."

"Na kisugue sana. Kisiwe na ndevu hata moja."

Tuliloweka ulezi wa Oldonyo Sambu uliobaki, na kimea kilipokauka nilikisugua mpaka viganja vikawa vyekundu. Mama alikipepeta katika ungo, akarudia, akakitia kwenye kibuyu kile kile cha zamani chenye ufa ulioshonwa, ambacho baba mdogo alikijua kwa sababu alikwisha kukirudisha kikiwa kitupu, akikitupa kwenye migomba yetu kana kwamba mbwa ndiye aliyekileta. Mama akaziba mdomo kwa samadi na majivu, safi kabisa, akabonyeza alama ya kidole gumba kama anavyofanya kwenye mbegu. Mbegu yenyewe, kile kibuyu kidogo, tuliisukuma ndani ya mzinga wa nyuki wa marehemu baba uliokuwa umetundikwa nyuma ya nyumba. Mzinga wa marehemu hauingizwi mkono na mtu wa nje.

Kisha tukangoja. Baba mdogo hakuwa na haraka. Alikuja kwanza kutusalimu. Nilimwamkia, shikamoo baba, akaniitikia huku macho yake yakipanda taratibu kwenye kichanja na kushuka. Akaniuliza tunasoma nini huko kwa Wadachi. Nilimwambia tunasoma mimea. Alicheka sana. Alisema mtoto wa Meru anafundishwa mimea na mtu aliyetoka kwenye barafu, kesho watamfundisha samaki kuogelea. Nilicheka pia. Sijawahi kucheka kwa moyo hivyo mbele yake.

Mawingu ya masika yalipoanza kukaa kwenye kilele bila kuondoka, kibuyu kilitoweka. Safari hii hakupitia njia ya jirani. Nilitoka shule nikakuta kichanja kitupu, mviringo mmoja msafi katika masizi, na mama akipika. Aliniuliza kama nina njaa.

Kitu kimoja tu hatukukiwaza, na mtu akicheka tumestahili. Tulifikiri juu ya baba mdogo, tukasahau kwamba ana mke. Mwanamke yeyote akitia punje zile mdomoni atajua.

Nilikutana naye mtoni. Maji ya mto ule ni ya rangi ya majani ya chai, ukiinama huoni miguu yako. Nilikuwa nafua, naye akaja na mtungi wake, akautua, akakaa karibu nami. Kidole kimoja cha mkono wake wa kushoto hakinyooki tangu mwaka ule aliochelewesha chakula cha wageni. Hakuna aliyewahi kusema kwa nini hakinyooki, na hakuna asiyejua. Alikuwa anatafuna kitu polepole kwa meno ya mbele, kama mtu anayeonja chumvi. Nikaacha kufua. Niliwaza kwamba ataenda kusema, baba mdogo atakirudisha kibuyu, atakuja kuichukua mbegu yenyewe kwa nguvu, na shamba la baba limekwenda.

"Mbegu za mama yako ni tamu mwaka huu," akasema.

Nilitazama nguo inavyotaka kuchukuliwa na maji, nikaikanyaga.

"Nilimwambia abakize, akasema nisimfundishe." Alitema makapi majini. "Safari hii sikuulizwa. Usiache nguo iende, mwanangu."

Akajitwika mtungi wake akaondoka.

Mvua iliponyesha vizuri, baba mdogo alitoka kumwaga mbegu. Anamwaga kwa madaha, mkono unafunguka kama wa mtu anayebariki. Siku ile ile mama naye alikuwa upande wetu wa masale. Kwa sababu ulezi ni mdogo na wetu ulikuwa kidogo, mama aliuchanganya na majivu ili mkono umwage sawasawa. Baba mdogo alipoona vumbi la kijivu likipepea alisimama, akaita majirani kwa sauti.

"Shemeji mwaka huu anapanda majivu! Atavuna jiko."

Walicheka. Mama aliendelea kumwaga. Mimi nilikuwa nyuma yake nikiburuta tawi la kufukia, na nilitabasamu nikiangalia chini, ambako siku zote ndiko ninakoangalia, kwa hiyo hakuna aliyeona.

Ulezi ukipata mvua na joto hauchelewi. Kwanza unaona wekundu wa udongo umebadilika kidogo, huwezi kusema ni nini. Kesho yake ukawa kama ukungu wa kijani uliolala chini. Upande wetu. Upande wa baba mdogo udongo ulibaki mwekundu kama ulivyokuwa, umelowa, umetulia. Nilipita pale kila siku nikienda shule ingawa si njia yangu. Aliwinga ndege ambao hawakuwapo. Alichimbua kwa kidole akatoa punje, akaiona imevimba na imeoza, akaitupa, akachimbua mahali pengine. Kishonanguo kilikuwa cha kwanza kuota kwake, kwa sababu hakihitaji mtu.

Nilimwona akichuchumaa katikati ya shamba tupu mikono juu ya magoti. Nilifurahi. Niliwaza juu ya baba, aliyekufa kwenye njia ya watu, na huyu aliyebaki nyumbani akihesabu misimu ya mjane wake. Nikafurahi zaidi. Nikasema moyoni, kaa hapo, kaa mpaka ulowe.

Wazee walikuja kukagua kama walivyoahidi. Walisimama kwenye mpaka wa masale. Upande mmoja ulezi umefika kifundoni, upande mwingine hamna. Baba mdogo alianza yeye. Alisema shamba lake limerogwa. Alisema anamjua aliyeroga, na hataki kumtaja kwa sababu ni mtu wa nyumbani, mjane. Mama alikuwa amesimama na jembe lake, nami nyuma yake. Mkono wake ulinitafuta nyuma bila yeye kugeuka, nikaushika. Neno hilo kwetu linaweza kumtoa mwanamke kwenye nyumba na shamba kwa siku moja.

Mzee mkubwa wa ukoo aliinama akachukua punje zilizochimbuliwa, akazitazama kiganjani. Ni mwanaume, hakujua anachotazama. Lakini aliuliza lile ambalo huulizwa kila mara mbegu ikikataa.

"Ulipewa na mikono ya nani?"

"Ni zangu," akasema baba mdogo.

"Zako ulipika. Sote hapa tulikunywa."

Watu walicheka kidogo. Baba mdogo akasema alipewa na rafiki. Mzee akataka huyo rafiki aitwe, maana aliyetoa mbegu ndiye anayesimama kama zimerogwa, si jirani. Baba mdogo alitokwa na jasho kwenye mdomo wa juu. Nilielewa kabla ya wengine jinsi alivyonaswa: akisema mbegu ni za mama, ataulizwa aliombaje, na lini alikinga viganja. Akisema si za mama, basi mama hakuzigusa, angeroga nini. Njia zote mbili zilikuwa zimefungwa, na aliyezifunga ni yeye mwenyewe kwa mkono wake.

Jirani wa gunia akakohoa. Mzee akamtazama, kisha akamtazama baba mdogo, kisha akaziachia punje zianguke. Mama mdogo alikuwa amesimama pamoja na wanawake wengine. Alikuwa akitazama mlima.

Mzee alisema shamba la marehemu lina mwenyewe, na mwenye macho anaona. Habari ya kurogwa asiisikie tena. Kisha akamwambia baba mdogo kwamba mvua bado ipo, ulezi bado una nafasi, aende akaombe mbegu kwa mwenye mbegu.

Akaja asubuhi. Nilimsikia kabla sijamwona, alikuwa anasafisha koo nje ya mlango. Kwetu mtu akitaka kuomba radhi huja na jani la isale mkononi, na mwenye kuletewa jani hilo hana budi kusamehe, hata awe ameuliwa mtoto. Nilitazama mikono yake. Haikuwa na jani. Angekuja nalo, ningelazimika, na leo ningekuwa naandika mengine. Alikuja kuomba mbegu tu.

Mama alikuwa akisaga. Alimkaribisha, akamuuliza watoto wameamkaje, kisha akaniambia mimi nitoe, maana mikono yake ina unga.

Nyumbani tulikuwa na vibuyu viwili: kile kidogo kilichobaki na mbegu, na kingine chenye mabaki ya kimea. Nilivishika vyote viwili. Nitasema kweli, nilikaa kidogo na mkono juu ya kimea. Ningeweza kumzika mara ya pili. Lakini shamba tupu lingemfanya mtu wa kuhurumiwa, na mimi sikutaka ahurumiwe. Nilitaka avune. Nilitaka achukue kibaba cha kwanza, akibebe mchana apite nacho mbele ya nyumba zote, aje akiweke mlangoni pa mama, watu wakiona. Nilichukua mbegu.

Alikuwa amesimama kizingitini, amekinga viganja viwili pamoja. Sijawahi kumwona akikinga. Viganja vyake vilikuwa vikubwa, vina mikunjo kama ya baba. Alisema nifanye haraka, binti. Nikamtazama usoni, mara ya kwanza katika maisha yangu, akaanza yeye kuangalia chini. Nilimimina polepole. Kisha, vikiwa karibu kujaa, nilipanua vidole vyangu na kuendelea kumimina, na ulezi ukapita pembeni ya mikono yake, ukaanguka kizingitini, ukatawanyika kwenye udongo kama mchanga.

Mbegu haikanyagwi mlangoni pa mtu. Ukiiacha hapo ukaondoka, umejilaani mwenyewe na shamba lako, na kuku walikuwa wameshaona. Alinitazama. Hakuweza kusema asante na hakuweza kutukana. Aliimimina ile ya mikononi katika nguo yake, akafunga fundo, akapiga magoti mbele ya mlango wetu, akaanza kuokota punje moja moja kwa ncha za vidole.

Nilisimama pale pale juu yake. Sikuwafukuza kuku.

Jiwe la kusagia lilinyamaza. Mama alikuwa amegeuka, anatutazama.

"Sogea, mwanangu," akasema. "Unamzibia mwanga."

Nikasogea kidogo.